Tano Bora ya Filmspotting, kutoka kwenye cherehani yangu Kinondoni

Orodha za filamu zimejaa mtandaoni, na nyingi hazina hata sababu moja ndani yake. Tano Bora ya Filmspotting, podikasti ya filamu, ndiyo ninayoisikiliza mpaka mwisho, na mimi si mtu wa kumaliza kitu kirefu.

Podikasti yenyewe ni ya Chicago, Marekani. Ilianza 2005 ikiitwa Cinecast, chini ya Adam Kempenaar na Sam Van Hallgren; tangu 2012 Kempenaar anaketi na Josh Larsen. Kwanza wanachambua filamu mpya. Hapo naruka ikiwa bado sijaiona Mlimani City, sitaki nimaliziwe utamu. Halafu ndipo inapokuja Tano Bora, na mara nyingi mada yake imechomoka humo humo kwenye filamu waliyotoka kuichambua.

Uzuri ni kwamba mada inabanwa. Wanaweza kukomalia aina moja ya tukio, ya mhusika, hata ya mahali. Wanapokezana kutoka ya tano kupanda hadi ya kwanza, na kila anayetaja lazima aitetee. Hapo ndipo mguu wangu unapoacha pedali: mmoja anasifu filamu kwa dakika kadhaa, mwenzake anachokoa tundu, na wewe uliyekuwa na msimamo unaanza kuyumba.

Halafu wana sheria moja niliyoipenda kuliko zote. Kuna filamu wameziweka kwenye kitu wanachokiita Pantheon, na ikishaingia humo hairuhusiwi tena kutajwa kwenye Tano Bora. La sivyo zingerudi zile zile kila wiki. Vijiwe vyetu vya Bongo Muvi vinaihitaji sheria hii haraka sana. Akishatajwa marehemu Kanumba, nani atabishana tena?

Kasoro ipo. Wakimaliza tano wanaanza kutaja zilizokosa nafasi kidogo tu, nazo wakati mwingine zinakuwa nyingi. Mimi nikiletewa kitambaa cha mita tatu nakata humo humo. Na Kiingereza chao kinakimbia, kwa hiyo napunguza kasi kwenye simu. Wanasikika kama wamesinzia, lakini hakuna kinachonipita.

Ofisini kwangu tumeuiga mchezo. Mada ya juzi ilikuwa mapenzi yaliyoingiliwa na siasa. Namba moja yangu: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, anakutana na Denge anayepigania uhuru, Zanzibar ya miaka ya 1950, na kila wakikaribiana mkoloni yuko mlangoni. Mama mmoja aliyekuja kupima gauni la kitchen party akanikatisha: "Fundi, hiyo siyo ya Denge wala ya mapenzi. Ni ya Yasmin kujitafutia maisha yake. Itoe." Nilijitetea huku nimeshika futi kiunoni kwake, kijana wangu wa vifungo akawa upande wa mama. Sikuitoa, ila niliishusha hadi ya tatu.

Vipindi vipya ni bure, unalipia bando tu. Vipakue usiku bando likiwa rahisi, na anza na mada ambayo tayari una tano zako kichwani.