Huduma ya kupima kifua kikuu cha ng'ombe, England: nyota 3 kati ya 5

Wafugaji wa England huilaumu huduma hii ya lazima kwamba inawasingizia ugonjwa ng'ombe wasio nao. Lawama hiyo haina uzito: anayesingiziwa ni kama mmoja kati ya 5,000. Udhaifu wake ni kinyume cha hapo. Katika kila ng'ombe watano wagonjwa, mmoja hivi humponyoka daktari. Ndiyo maana zizi lililopatikana na ugonjwa hupimwa tena baada ya siku 60, na tena, mpaka litoke safi mara mbili mfululizo.

Daktari wa mifugo hunyoa sehemu mbili shingoni, hupima unene wa mkunjo wa ngozi kwa kalipa, kisha hudunga mililita 0.1 ya tuberkulini (protini za vijidudu vya kifua kikuu) ya aina ya ndege juu na kiasi hichohicho cha aina ya ng'ombe chini. Ile ya ndege ni ya kulinganishia tu, kwa kuwa vijidudu jamaa wa kifua kikuu vimejaa kwenye mazingira navyo huvimbisha ngozi. Dawa iingie ndani ya ngozi, isipite chini yake. Ikikaa vizuri, kidole hugusa kijipele kidogo. Kisipokuwepo, dozi imepotea. Baada ya saa 72 hupimwa upya: uvimbe wa chini ukizidi wa juu kwa zaidi ya milimita 4, mnyama huchinjwa. Tofauti ya milimita 1 hadi 4 humtenga hadi kipimo kijacho.

Nyota ya kwanza imekatwa kwa usumbufu. Ng'ombe yuleyule huingizwa kwenye krashi (kizimba cha kumbana asisogee) mara mbili ndani ya siku nne, na wa nyama waliozoea malisho hupiga mateke kwelikweli. Krashi ikilegea, kalipa hudanganya na mtu huvunjika mkono.

Ya pili ni fidia. Hulipwa kwa jedwali la bei za soko kulingana na aina, umri na jinsia, kwa hiyo ng'ombe bora kupita kiasi hulipiwa kama wenzake wa wastani, na maziwa yaliyopotea hayahesabiwi. Malalamiko ya fidia ni ya zamani: mwaka 1931 huko Cedar County, jimbo la Iowa, Marekani, wakulima waliwazuia madaktari wa mifugo wasipime kifua kikuu mpaka Gavana Dan Turner akatuma wanajeshi.

Kukwepa tarehe ya kupimwa hakusaidii. Ikipita, ng'ombe huzuiwa kuhamishwa hata kama hakuna mgonjwa.