Maski ya joto na matone ya vichupa vidogo: wenye macho makavu someni kabla hamjanunua

Jamani nyie ambao macho yanachoma choma mkikaa kidogo tu kwenye kompyuta, hii nawaandikia nyie. Nazungumzia vitu viwili ninavyotumia kila siku: maski ya macho yenye shanga ndani, ile ya kupasha kwenye maikrowevu, na machozi bandia yanayokuja kwenye vichupa vidogo vya plastiki, unatumia mara moja unatupa. Maski naipa nyota tano, matone nayapa nne. Sitaji chapa maana zipo nyingi na zinafanana, cha muhimu ni ujue unatafuta nini.

Na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Mtu macho yanamkwaruza kama yana mchanga anakimbilia duka la dawa, anapewa matone yoyote, anatia wiki nzima, hamna kitu. Machozi sio maji matupu bwana. Chini kuna ute unaoshikilia kwenye jicho, katikati maji, na juu kabisa kuna mafuta membamba yanayozuia yale maji yasikauke. Mafuta hayo yanatoka kwenye tezi ndogo ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope, juu na chini, kila kope ina zaidi ya ishirini hivi. Zikiziba, hata jicho likitengeneza maji ya kutosha yanakauka fasta tu, na wengi wenye ukavu wa macho shida yao ipo hapo kwenye mafuta. Ndio maana unakuta mtu anaambiwa ana macho makavu anabisha, mbona yananitoka machozi nikipigwa na upepo? Ndio yanatoka, jicho likishakereka kwa ukavu linamwaga maji mengi kwa mpigo, maji yenyewe hayakai, yanaishia mashavuni, dakika chache jicho kavu tena.

Sasa maski. Kazi yake ni kuyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye zile tezi, na ili yayeyuke kope inatakiwa ipate joto la kama nyuzi 40 kwa dakika kama kumi mfululizo. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia, ila kinapoa ndani ya dakika mbili tatu, kwahiyo unakaa unachovya na kukamua, unachovya na kukamua, mwisho unachoka unaacha. Maski ya shanga inashika joto, unalala chali unasikiliza redio yako, basi. Ukitoa, nawa mikono, halafu kwa ncha ya kidole unasukuma kope taratibu kuelekea kwenye vinyweleo vya kope, ya juu unashusha, ya chini unapandisha. Kope sio mboni, msije mkaanza kukandamiza jicho lenyewe au kufikicha, kufikicha macho kwa nguvu kila siku kunaweza kuharibu umbo la konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Mwanzoni mafuta yanayotoka ni meupe mazito kama dawa ya meno, tezi zikianza kupona yanakuwa mepesi na maangavu, na huo ndio ushahidi niliokuwa nautaka mimi, maana raha ya joto peke yake hata taulo inakupa.

Kasoro zipo. Maelekezo kwenye boksi ni mafupi mno, yanakwambia pasha sekunde kadhaa wakati maikrowevu hazina nguvu sawa, kwahiyo anza na sekunde chache, tikisa maski ili joto lisambae, jaribu kwanza kwenye mkono upande wa ndani, ngozi ya kope ni laini sana inaungua kirahisi. Mkanda wake nao unalegea haraka. Ukivua utaona ukungu kwa dakika kadhaa, usishtuke, ila usiendeshe gari muda huohuo. Mnaovaa lenzi za jichoni toeni kwanza. Na lazima iwe kila siku, ukifanya leo ukaruka wiki nzima mafuta yanaganda tena, usije ukailaumu maski.

Matone ni habari nyingine. Haya yangu yana haialuroneti, kitu kinachoshika maji, kwahiyo tone linakaa kwenye jicho muda mrefu kidogo kuliko maji ya chumvi. Ila kilichonifanya niyapende ni kwamba hayana kihifadhi. Chupa nyingi za kawaida zinatiwa kemikali ya kuzuia vijidudu, inayotumika sana ni benzalkoniamu kloraidi, kifupi BAK, na hiyo ukiitia mara nyingi kwa siku inaudhi hukohuko juu ya jicho unakotaka kuponya. Kama unatia zaidi ya mara nne kwa siku nakusihi tafuta yasiyo na kihifadhi, hapo sina mjadala. Tia tone moja tu, jicho halina nafasi ya zaidi ya hilo, mengine yote yanamwagika. Vuta kope ya chini, dondosha, fumba macho taratibu kama dakika moja bila kuyabana. Kama una dawa nyingine ya matone acha zipite dakika tano katikati.

Nyota moja nimeikata kwasababu vichupa vinasumbua kufungua, mwenye maumivu ya vidole atateseka, na plastiki inayotupwa ni nyingi inaniuma. Halafu kila kichupa kinabaki na dawa, unatamani kuitunza kwa kesho. Usitunze! Bila kihifadhi ikishafunguliwa vijidudu vinaingia. Mwaka 2023 kule Marekani matone ya machozi bandia yasiyo na kihifadhi yaliingiwa na bakteria yakarudishwa kutoka sokoni, kuna waliopoteza uwezo wa kuona na wengine walifariki, kwahiyo hakikisha pakiti imefungwa vizuri na ncha isiguse jicho wala kidole. Zipo pia chupa zenye vali maalumu zinazozuia hewa isirudi ndani, zinakaa miezi baada ya kufungua, kwa asiyeweza vichupa hizo ni sawa kabisa.

Ambayo siyapi hata nyota moja kwa kazi hii ni yale ya kufanya macho yawe meupe. Yanabana mishipa ya damu tu, jicho linaonekana safi, dawa ikiisha nguvu wekundu unarudi tena mkali zaidi, na ukavu uko palepale. Na matone ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, tafadhali sana msipeane kienyeji. Yana kazi yake ila ni kwa uangalizi wa daktari, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Vidonge vya mafuta ya samaki navyo watu wanasifia. Utafiti mkubwa wa DREAM uliotoka 2018 ulifuatilia watu 535 wenye macho makavu mwaka mzima, nafuu ya waliomeza omega-3, yaani hayo mafuta ya samaki, haikuzidi ya waliopewa mafuta ya zeituni. Samaki kula, ni chakula kizuri, ila vidonge mimi sinunui.

Sasa hivi vitu viwili havitibu kila jicho linalosumbua. Likiwasha sana kuliko kuchoma, huenda ni mzio. Ukiona vigamba vimezunguka mashina ya vinyweleo vya kope hiyo ni kope kuvimba, mara nyingine kuna vijidudu vya Demodex, inataka usafi wa kope na dawa yake. Macho makavu pamoja na kinywa kikavu na viungo kuuma, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja maana inaweza kuwa ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Mtajie na dawa unazomeza, za mzio na isotretinoini ya chunusi zinakausha macho. Vipimo vyenyewe haviumi, kuna kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye kope ya chini dakika tano kuona machozi yanalowesha kiasi gani, na kuna rangi wanayotia halafu wanahesabu sekunde mpaka utando wa machozi uachane, chini ya 10 ni dalili ya shida. Ila jicho likiuma kwelikweli, likiogopa mwanga, au kuona kukipungua, acha maski acha matone nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa kama unavaa lenzi.

Kwenye kununua, chagua maski ambayo kifuniko chake kinavulika kikafuliwa. Yangu ni ya kufuta kwa kitambaa tu, na kitu kinachokaa juu ya macho kila siku kinataka kufuliwa.