Darktable na kuta zilizopinda: nimeijaribu kwenye Boma la Iringa

Habari zenu, wapiga picha wenzangu. Mkisikia upepo kwenye maiki mnisamehe, niko nje hapa Iringa mjini. Jengo hili nyuma yangu ni Boma la zamani la Wajerumani, siku hizi ni makumbusho. Nimelifuata makusudi, niijaribu Darktable, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta.

Tazameni picha hii. Nimepiga kwa lenzi ya 18-55, ile inayouzwa pamoja na kamera, zumu ikiwa kwenye 18, yaani upana wake wote. Uangalie ukingo wa paa: katikati umepanda, pembeni umeshuka, jengo limekuwa na tumbo kama pipa. Mafundi hawakulijenga hivyo! Ni lenzi. Kwenye upana huo inakuza katikati ya picha kuliko pembeni. Ukizumu hadi 55, lenzi nyingi za aina hii huanza kubonyeza mistari kuelekea ndani, ingawa ni kidogo.

Jana nilikuwa Isimila, kwenye zile nguzo zilizochongwa na mmomonyoko. Lenzi ni hii hii, na wala huoni kosa, kwa sababu pale hakuna mstari ulionyooka wa kulinganishia.

Sasa, Darktable. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua unafanya kazi bila bando. Ndani yake kuna Lensfun, hazina ya vipimo vya lenzi vilivyokusanywa na wapiga picha wanaojitolea. Programu inasoma taarifa zilizomo kwenye faili, yaani kamera, lenzi na zumu ilipokuwa, halafu inaivuta picha kinyume cha kosa. Ona, nawasha... paa hilo, limenyooka! Lenzi isipotambuliwa, unaichagua mwenyewe kwenye orodha.

Ndiyo maana nawaomba, mkinitumia picha kwa WhatsApp itumeni kama dokumenti. Ikija kama picha ya kawaida, taarifa hizo zinafutwa njiani. Na pigeni RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kamera nyingi za sasa huwa zimeshanyoosha JPEG zenyewe, yaani zile picha za kawaida zilizokwisha kuchakatwa, ukinyoosha mara ya pili ukuta unapinda upande wa pili.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa harusi na mahafali. Programu inanyoosha mistari, lakini haijui kwamba yule aliyesimama mwisho wa safu ni mama mdogo wa bibi harusi. Kunyoosha kunavuta pembe za picha kwenda nje, na yeye anavutwa nazo: uso unapanuka, bega linapanuka. Mimi nimewahi kumkabidhi mtu albamu ya namna hiyo, na nilivyomwona anavyoitazama picha yake, iliniuma. Tangu siku ile, kikundi sikipigi kwa 18. Narudi nyuma hatua kadhaa, nazumu hadi 35, ambapo lenzi hii karibu haipindi kabisa. Pembeni naacha nafasi ya kutosha, maana programu ikimaliza kunyoosha inakata kingo, na mkono wa mtu unaweza kwenda na kingo hizo.

Kwa majengo naipa tisa kwa kumi. Kwa picha za watu, izime kwanza, iwashe, linganisha nyuso za pembeni, ndipo uamue.

Kuta zikiwa zimenyooka ila zinaegemeana kwa juu, hapo usiilaumu lenzi: uliinua kamera. Hiyo ina sehemu yake nyingine humu humu Darktable, na nitaifanyia video yake kwa picha hii hii ya Boma.