Nilichukua sungura wa manyoya marefu kituoni: uzoefu wa msusi wa Kirumba

Mwenye haraka nimpe jibu mapema: kituo cha wanyama waliotelekezwa nakipa nyota tatu na nusu, sungura nampa tano.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ipo Kirumba, Mwanza, na nywele nimezishika miaka kumi na moja. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mteja mmoja niliyekuwa namfumua rasta ndiye aliyeniambia kuna kituo nje kidogo ya mji kinachopokea wanyama waliotelekezwa, na kwamba pamoja na mbwa na paka wana sungura mmoja "kama mto wa kochi". Mwanangu alikuwa ananisumbua siku nyingi anataka mbwa, na mwenye nyumba wetu hataki kusikia mbwa. Sungura hajaandikwa popote kwenye mkataba. Jumapili tukaenda.

Nilitegemea sungura wa hadithi, mjanja mjanja, wa kukimbia akimwona mtu. Huyu alitoka mwenyewe kwenye kona ya banda, akaja hadi kwenye wavu, akasukuma kichwa chini ya kiganja changu na kutulia hapo. Halafu akaanza kunilamba mkono. Nilidhani anafuata mafuta ya nywele yaliyonigandia, lakini kijana aliyekuwa anatuhudumia akasema, "Sikiliza meno yake, dada." Nikainama. Alikuwa anayasaga taratibu, sauti ndogo kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Sungura akifurahi ndivyo anavyofanya. Ni Angora, wale ambao jina lao linatokana na mji wa Ankara, Uturuki, na aliachwa na mgeni aliyekuwa anafanya kazi hapa kabla ya kuhama nchi.

Taratibu zao zilinifurahisha. Waliuliza nani anabaki nyumbani mchana, kama jirani ana mbwa, sungura atalala wapi. Nikasaini karatasi kwamba sitamchinja wala kumzalisha. Mchango ulikuwa shilingi 40,000, na ukikumbuka wanatunza wanyama wangapi pale, siwezi kulalamika. Wakanielekeza vizuri: asishikwe masikio, abebwe kwa mikono miwili huku makalio yakiwa yameshikiliwa, asiogeshwe, maana akilowa manyoya hayo hayakauki upesi na anaweza kupata mshtuko wa baridi. Chakula chake kikubwa ni nyasi kavu, muda wote ziwepo, kwa sababu meno yake hayaachi kuota na nyasi ndizo zinazoyasaga. Karoti ni peremende kwake, kipande kidogo tu. Tukampandisha bajaji ndani ya boksi la rasta nililotoboa matundu.

Jina alilipata njiani. Mwanangu ni shabiki wa Pamba Jiji tangu timu iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, na sungura mwenyewe ni mweupe kama robota la pamba lililopasuka. Akawa Pamba.

Sasa malalamiko yangu. Nilipowaambia kazi yangu ni kusuka, wote pale walicheka kwa furaha, "basi huyu amepata mtu wake." Hakuna aliyeniambia nimpapase makwapani. Siku ya tatu nilimweka mapajani nimchane, juu chanuo likapita kama kwenye siagi. Nilipofika chini ya mikono na nyuma ya mkia nikakuta mafundo yaliyoshikana kama rasta za miaka, magumu, yanavuta ngozi kila akipiga hatua. Hayo hayakuwa ya siku tatu. Nikawapigia simu. Jibu: "Dada, si ulisema wewe ni msusi? Tukajua hutashindwa."

Hapo ndipo nilipojua sijui kitu. Kichwa cha mteja unaweza kukivuta kidogo, akasema aa, mkaendelea. Ngozi ya sungura ni nyembamba kuliko unavyodhania, ukilivuta fundo inanyanyuka nalo, na mkasi hauoni tofauti. Nilichofanya ni kupitisha chanuo la meno madogo kati ya fundo na ngozi, nikakata juu ya chanuo, kipande kwa kipande. Pembeni ya mkia nilitumia siku nne, kila jioni dakika ishirini, kwa sababu akichoka anakanyaga mguu wa nyuma chini, puu, na mimi naacha. Kilichoniokoa ni tabia yake. Sungura mkorofi nisingemweza. Pamba alikuwa analala kifudifudi mapajani, kidevu kwenye goti langu, mimi nikihangaika na makwapa yake.

Wiki ya pili akaacha kula. Vinyesi vyake, ambavyo kawaida ni vidonge vikavu vinavyofagiliwa kirahisi, vikatoka vidogo na vimeunganishwa na manyoya, kama shanga kwenye uzi. Alikuwa anajilamba, anameza. Paka akimeza manyoya atayatapika, sungura hana uwezo wa kutapika. Jirani mwenye duka la dawa akanishauri nimpe nusu kapsuli ya amoksisilini. Kabla sijafungua nikapiga simu kituoni, saa nne usiku, na nawashukuru walipokea. "Usithubutu!" Dawa hiyo ikipitia mdomoni inaua vijidudu vizuri vya tumboni mwa sungura, na yeye anaweza kufuata. Walibaki kwenye simu hadi nikafanikiwa kumnywesha maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asubuhi nilimfikisha kwa daktari wa mifugo, ambaye alinitania kwamba kwake huletwa ng'ombe, kisha akamshughulikia kwa makini kweli: dawa ya kusukuma tumbo, maji ya chini ya ngozi, na amri ya nyasi. Sungura akikaa nusu siku bila kula usisubiri kesho. Hili kituo kingeniandikia kwenye ile karatasi ya kutochinja.

Tangu hapo namnyoa. Angora wa sufu hukatwa karibu kila miezi mitatu, mimi siachi yapite vidole viwili. Na Mwanza hii lazima. Tunaishi Mabatini, juu kwenye mawe, na wenyeji mnajua jiwe likichomwa na jua kutwa nzima, usiku linakurudishia. Sungura hatoi jasho, joto lake hupozea masikioni, na ikifika nyuzi joto 28 kwenda juu anaanza kuteseka. Mchana analala kwenye sakafu ya saruji akiegemea chupa ya maji ya barafu niliyoifunga kwa kanga. Umeme ukikatika nanunua barafu kwa wauza samaki. Inanuka sangara kidogo, yeye hajali.

Nyasi tunakata wenyewe na kuanika. Majani mabichi ni matembele, na kishona nguo kabla hakijatoa maua. Kikishakomaa, zile mbegu zake zikiingia kwenye manyoya ya huyu kiumbe, funga saluni siku hiyo.

Swali la kila mtu: "Mtamla lini?" Mwanzoni lilikuwa linaniudhi. Siku hizi tukisafiri namwacha kwa jirani yangu Msabato, ambaye kwake sungura ni mnyama asiyeliwa, imeandikwa kwenye Mambo ya Walawi. Hakuna mlinzi bora kuliko huyo. Anamwita "najisi wangu" na kumkatia matembele.

Jioni nikirudi nimechoka miguu, Pamba anazunguka nyayo zangu mara mbili tatu, anaruka akijipinda hewani, kisha anajilaza ubavuni mwangu kwenye mkeka na kusukuma kiganja changu kwa pua mpaka nimshike. Korongo akitua juu ya bati ananikimbilia mimi. Ndiyo, tunakuta manyoya kwenye ugali. Juzi mwanangu alivuta unywele mdomoni kwa sato na akaendelea kula bila kusema neno.

Wiki iliyopita kituo kimenipigia. Wamepokea Angora mwingine, mkubwa zaidi, na wanauliza kama Jumapili nina nafasi. Nimesema nakuja na mkasi wangu, bei ni soda moja baridi, na safari hii makwapa nitayapapasa mimi kabla mtu hajafungua mdomo kumsifia.