Skini za Guild Wars 2: Anza na Ipi, Uache Ipi

Guild Wars 2 ni mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, na skini ni sura za kumpamba mhusika wako, zinazonunuliwa dukani mwake kwa vito. Vito 800 ni dola 10, takriban shilingi 1,300 za Kenya. Pesa hizo zinatosha vazi moja zuri, au kuyeyuka bila kuacha kitu. Mpangilio huu unaanza na kinachodumu zaidi.

Nafasi ya kwanza ni rangi. Ukishafungua rangi, wahusika wako wote wanaitumia, na kupaka hakulipiwi hata ukibadilisha kila saa. Bonyeza O, ingia sokoni, uinunue kwa dhahabu ya mchezo. Deraya ya kawaida iliyopakwa rangi mbili zinazoelewana inapendeza kuliko skini ya bei iliyoachwa na rangi zake za dukani.

Ya pili ni vazi kamili, lile linaloitwa Outfit dukani, kwa kawaida vito 700. Linafunika vipande vyote sita vya deraya, halili chaji za Transmutation (zile zinazotumika kuipa deraya sura ya skini), na linavaliwa na shujaa wa deraya nzito sawa na mchawi wa deraya nyepesi. Ukibadilisha deraya iliyo chini yake, sura haiguswi. Kasoro yake ni moja: huwezi kuchukua koti la vazi hili na suruali ya lile.

Ya tatu ni skini za silaha. Hakikisha aina tu, kwa sababu skini ya shoka haikai kwenye upanga.

Skini za deraya ziko nafasi ya nne, na hapa ndipo wengi wanaumia. Kila kipande kinadai chaji moja, kwa hiyo kujipamba kichwa hadi miguu ni chaji sita. Kabla ya kufika kiwango cha 80, cha juu kabisa, unabadilisha deraya kila mara. Skini inabaki kabatini, lakini chaji iliyotumika hairudi, na kipande kipya kinadai nyingine. Subiri 80. Chaji za bure zipo: kamilisha ramani za miji mikuu. Angalia pia uzito, maana skini ya deraya nzito haivaliki kwenye nyepesi. Ukicheza Charr, jamii ya wahusika wenye mkia na pembe, ijaribu skini kwenye mhusika wako kabla ya kulipa, umzungushe umtazame mgongoni. Mkia na pembe huchomoza katikati ya kitambaa.

Ya mwisho kabisa ni funguo za masanduku ya Black Lion, yale ya zawadi za kubahatisha. Mmoja ni vito 125, na kinachotoka ni bahati nasibu. Funguo sita zikinunuliwa mojamoja ni vito 750, zaidi ya bei ya vazi ambalo ungelichagua mwenyewe.

Kulipa kutoka Nairobi, kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi. Pesa zinatoka moja kwa moja kwenye salio lako la M-Pesa, kwa hiyo usiweke 1,300 kamili: ubadilishaji wa dola ukipandisha bei kidogo tu, malipo yanakataliwa. Acha ziada ya shilingi 100 au 150.