Kitabu cha kufuatisha tarakimu: miezi mitatu na binti yangu wa miaka minne

Binti yangu alikuwa akihesabu hadi 20 kama anayeimba, lakini ukimwambia "nipe vifungo vitano" anakujazia kiganja. Penseli nayo alikuwa akiishika kwa ngumi. Ndiyo maana nikanunua kitabu hiki cha kufuatisha nukta na kuhesabu.

Kurasa za mwanzo hazina tarakimu hata moja. Ni mistari ya kusimama, ya kulala, mawimbi na miduara. Niliona ni kujaza karatasi tu, kumbe nilikosea. Mkono wa mtoto huuweza mstari wa kusimama kabla ya mduara, na mraba huja baadaye zaidi. Ukimrukisha hadi kwenye 8, atachoka na kususa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba baada ya kufuatisha 4, chini yake kuna mawe manne, na mtoto anazungushia kila jiwe huku akihesabu. Siku ya kwanza mawe manne yalitoka sita, mdomo ulikuwa umeshatangulia. Nikamwambia asitaje namba mpaka duara lifunge. Akatoa ulimi pembeni ya mdomo, akazungusha polepole, akafunga, "moja". Mdomo ukajifunza kuusubiri mkono. Kwa miezi yote niliyomhesabisha kwa sauti sikuwahi kuona hilo.

Kasoro zipo. Kurasa za plastiki za kufuta na kurudia zinateleza mno. Mkono haupati kizuizi, na kalamu yake nene inamrudisha kwenye ngumi. Nimeziacha. Nampa krayoni fupi, kama urefu wa kidole gumba changu, na hapo ngumi inakosa pa kushika, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Pia nikakumbuka tarakimu za msasa za Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, nikakata zangu kwa karatasi ya msasa laini. Anazipapasa kwa vidole viwili kabla ya kufungua kitabu.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kuanzia 6, mishale ya kuonyesha pa kuanzia imeachwa. Binti yangu akaanza kuandika 6 kutokea chini, na ilinichukua wiki mbili kumrekebisha. Sasa naweka mwenyewe nukta ya kijani juu ya kila tarakimu. Mchapishaji alipaswa kulijua hilo, maana mazoea ya mkono ni magumu kuyaondoa. Akigeuza 2 au 5 sihangaiki, watoto wengi hugeuza hivyo hadi karibu miaka saba.

Tunafanya dakika kumi kwa siku, akichoka tunafunga. Juzi nilikuwa nashona, nikamwomba vifungo vitano. Alivisogeza kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, akanyamaza kidogo, akarudisha cha sita kwenye kopo.

Nitanunua cha pili, ila toleo la karatasi pekee, lisilo na kurasa za plastiki.