Matangi ya mvua kwenye grinihausi yangu ya Malindi: yanapofaa na yasipofika

Wenye grinihausi hapa Pwani mnaofikiria kununua gata (mifereji ya ukingoni mwa paa) na matangi ili mvune mvua, nunueni. Ila msinunue kwa hesabu ya muuzaji. Aliyeniuzia mimi alisema maji yatanifikisha mwaka mzima, na kwa matangi aliyoniuzia hilo haliwezekani. Faida niliyoipata ni nyingine, na yeye hata hakuigusia: kupunguza chumvi.

Shamba langu liko upande wa Ganda, nje kidogo ya mji. Kisima kipo na hakikauki, lakini maji yake yana chumvi. Maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, huku kwetu huja kwa zamu, na yakija ni ya kunywa na kupikia kwanza. Grinihausi yenyewe ni ile ya kawaida ya mita 8 kwa 15, nguzo za mbao, karatasi ya plastiki ya mikroni 200, na huingia kama miche 500 ya nyanya.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi siku ya kununua grinihausi. Shamba la nje hata ulinyweshee maji ya chumvi kiangazi kizima, masika yakija yanaliosha. Mvua ya Mei, ambao ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, huishusha chumvi chini ya mizizi. Ndani ya grinihausi mvua haiingii. Maji ya kisima unayomwaga yanapanda hewani kupitia majani na joto, na chumvi yake inabaki pale pale kwenye udongo, juu ya ile ya jana. Msimu wa kwanza nyanya zangu zilitoka nzuri mno. Uliofuata, kingo za majani ziliungua na matunda yakatoka na kitako cheusi. Sokoni, mama mmoja mteja wangu aliligeuza tungule mkononi akaniuliza, "Dada, mbona zako siku hizi zimeoza huku chini?" Hakuna dawa ya kupiga hapo, kwa sababu si ukungu wala si mdudu. Chumvi ikizidi, mmea hushindwa kuvuta maji ya kutosha, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, na ile ncha ya chini ndiyo hufa kwanza.

Nikanunua kipima chumvi kidogo cha mkononi, na namshauri kila mwenye kisima Malindi afanye hivyo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kisima changu kilisoma 3.2 desisimensi kwa mita, kipimo ambacho hupanda kadiri chumvi ya maji inavyozidi. Nyanya huvumilia maji ya kumwagilia ya hadi kama 1.7 bila mavuno kuanza kushuka. Maharagwe hayavuki 0.7. Maji ya mvua kwenye tangi husoma karibu na sifuri. Nikichanganya nusu kwa nusu napata 1.6, yaani nyanya zimo ndani ya mpaka wake. Kwa hiyo lita 10,000 za mvua kwangu ni lita 20,000 za kumwagilia. Hiyo ndiyo hesabu iliyonifanya nitoe pesa.

Sasa hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Unapima eneo la ardhi lililofunikwa, si urefu wa karatasi iliyopinda, kwa hiyo mimi nina mita za mraba 120. Mvua ya milimita 10, ambayo wakati wa masika inaweza kunyesha asubuhi moja tu, ni lita 1,200. Toa zinazorukia pembeni na zinazopeperushwa na kusi, unabaki na kama 1,000. Mvua ya mwaka mzima hapa kwetu huzunguka milimita 1,000, basi paa dogo hivi linaweza kushusha lita 100,000. Ukiisikia namba hiyo dukani, tulia. Nyingi zinakuja kwa pamoja, Aprili hadi Juni, nyingine wakati wa vuli, na tangi likishajaa limejaa. Miche 500 yenye matunda hunywa kama lita 750 kwa siku, lita moja na nusu kila mche. Matangi yangu, yenye lita 10,000 kwa jumla, kwa mvua tupu yanaisha chini ya wiki mbili. Kwa kuchanganya na kisima, chini kidogo ya wiki nne. Kiangazi cha Januari hadi Machi kina miezi mitatu.

Muuzaji alinipendekezea tangi moja kubwa la lita 10,000 kwa kuwa kwa kila lita linatoka rahisi. Fundi aliyekuja kupima alisimamisha futi kwenye nguzo ya pembeni, akatikisa kichwa. "Mama, hili litapita gata. Maji yataingilia wapi?" Alisema kweli. Ukuta wa pembeni wa grinihausi yangu una mita 2.3, na tangi nililoonyeshwa lilizidi mita 2.5. Paa la nyumba liko juu, tangi lolote linaingia chini yake. Paa la grinihausi halina kimo hicho. Nikachukua mawili ya lita 5,000, meusi ili mwanga usipenye na maji yasiote ukijani, tukayaunganisha kwa paipu huku chini. Matangi ndiyo yaliyokula zaidi ya nusu ya gharama yote.

Ufupi huo unaleta shida ya pili: dripu (mipira ya kumwagilia tone kwa tone) inataka maji yashuke kutoka juu, angalau mita moja, na matangi yamekaa chini kabisa. Nina pampu ndogo ya sola inayopandisha maji hadi tangi la lita 500 lililo juu ya jukwaa la mbao. Humo ndimo ninamochanganyia, nusu ya mvua na nusu ya kisima, napima, halafu nafungua koki.

Kazi ya kufunga gata siwezi kuisifu. Kampuni niliyoilipa (sitaitaja) iligongomelea gata za bati chini ya ule ubao unaobana karatasi, zikaonekana zimenyooka vizuri. Mvua ya kwanza ikaonyesha mambo. Maji yaliteremka kwenye karatasi hadi kwenye ubao, yakapinda nao kwa chini, yakaambaa ukingo wa ndani wa mbao na kudondoka nyuma ya gata, tone baada ya tone, kwenye ukuta wote. Ndani ya gata kulikuwa na unyevu tu. Niliwapigia simu mara nyingi hadi wakamtuma yule yule fundi kijana, na dawa yake haikugharimu kitu: alikata vipande vya karatasi kuukuu vya upana wa shubiri moja, akabana ukingo wa juu chini ya ubao, akauacha wa chini uning'inie ndani ya gata kama ulimi. Tangu hapo maji yote yanaingia. Unapokabidhiwa kazi, usikubali kutia sahihi kabla hujamwaga ndoo ya maji juu ya paa na kuona yanakoelekea. Angalia pia mteremko, walau nusu sentimita kwa kila mita, na vishikio viwe karibu karibu, maana gata iliyojaa maji ni nzito na upepo wetu haubembelezi. Karatasi nayo ivutwe ikaze. Ikilegea kati ya mbao, maji yanajikusanya tumbo na siku moja linapasuka.

Maji ya kwanza usiyaingize tangini. Paa letu linakaa miezi likipokea vumbi na chumvi inayorushwa kutoka baharini, na kunguru wa mjini wanaangusha miiba ya samaki na vinyesi juu yake. Kwa ukubwa wa paa langu zinahitajika kumwagwa kama lita 60 za mwanzo. Waliofunga waliniwekea kipande cha paipu ya inchi 4 kilichosimama wima, urefu wa mita moja, wakaniambia hicho ndicho kichujio. Paipu hiyo haibebi hata lita 9. Nimeiondoa, nikaweka pipa la lita 100 lenye kitundu kidogo chini cha kujitoa lenyewe. Likijaa, maji yanayofuata ndiyo yanayokwenda tangini.

Wavu wa mbu kwenye kila mdomo, hili sitanii nalo. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilipozuka Lamu mwaka 2004 ilikuwa wakati wa ukame, na watafiti waliihusisha na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa majumbani, ambamo mbu wa mchana huzaliana. Tangi lisilo na wavu ni hatari kwako na kwa majirani. Na maji haya hatuyanywi; karatasi inaguswa na dawa tunazopiga.

Faida ambayo nisingeiacha ni ile ya maji yanayofurika. Wengi huyaelekeza nje. Mimi nimeyarudisha ndani. Zao likiisha mwezi wa Aprili naacha matuta matupu, na matangi yakishajaa maji ya ziada yanapita kwa paipu hadi kwenye udongo. Ukipitisha maji ya kina cha sentimita 15 kwenye udongo, chumvi ya sentimita 30 za juu hupungua karibu nusu. Kwa eneo langu hizo ni lita 18,000, na Mei hutoa zaidi ya hizo. Udongo wetu ni wa mchanga, maji hayatuami. Baada ya kuuosha hivyo, nyanya za kitako cheusi zimekuwa chache, za kuokota moja moja, na hata hoho, ambazo ni dhaifu zaidi kwa chumvi, nimeweza kuzirudisha.

Ami yangu alioa Pate, na huko, kama Ndau na visiwa vingine vya Lamu, watu wameishi kwa majabia: uwanja uliosakafiwa ukalazwa kuelekea shimo kubwa la kuhifadhia mvua. Alipokuja kunitembelea alizunguka grinihausi, akagonga matangi kwa vidole, akasema, "Paa unalo, mwanangu. Shimo ndilo huna." Vuli ya 2023, mvua kubwa za El Niño zilipotupiga, niliona maana yake, matangi yalijaa mapema na maji yakawa yanamwagika wiki baada ya wiki huku nyanya zikiwa shambani, nisiweze hata kuyaingiza ndani.

Kwa hiyo kinachofuata kwangu ni bwawa la kutandikwa karatasi nzito, mita 6 kwa 5, kina mita 1.5. Pande zikilazwa linabeba kama lita 33,000. Litafunikwa kwa neti ya kivuli, kwa sababu jua la Malindi likinyonya milimita 5 tu kwa siku, hizo ni lita 150 zinapotea kila siku. Vuli ikiwa nzuri, bwawa na matangi pamoja, kwa kuchanganya na kisima, yatanifikisha hadi masika. Mwenye nafasi ya kuchimba aanze na hilo, kisha anunue tangi moja dogo la kuchanganyia.